Kumbukumbu Isiyokumbuka: Hotuba kwa Wenye Kompyuta Zinazochelewa

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wakuu wa shule, walimu wa taaluma, wahasibu na makatibu muhtasi mliofika, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, mbele ya watu ambao hawana nia ya kuwa mafundi, na nimelifurahia sharti hilo, kwa sababu fundi akizungumza na fundi mwenzake huyaruka mambo yale yale ambayo mteja ndiyo anayoyahitaji. Ninyi mnataka kujua jambo moja. Ile kompyuta ya ofisi ya taaluma, ambayo mwaka mzima inavumilika lakini wiki ya kuandaa matokeo inaganda, je, ikiongezewa RAM itapona, au fedha ya shule itakuwa imekwenda bure? Maelezo yangu yote yanalenga hapo, na naomba niseme mapema kwamba jibu limo ndani ya kompyuta yenyewe, linasomeka kwa dakika chache bila kulipa hata senti moja, ila sisi mafundi mara nyingi hatuwaambii, kwa kuwa fundi anayepima kabla ya kuuza huuza kidogo.

Naanza na neno, maana nusu ya tatizo imo kwenye neno. Kiswahili kimeipa RAM jina la kumbukumbu, na kwetu kumbukumbu ni kitu kinachobaki: kumbukumbu za kikao, kumbukumbu ya marehemu, jumba la makumbusho. Mitaani mambo yamechanganyika zaidi, kwa sababu kijana anayelalamika kwamba simu yake imejaa memori anazungumzia picha na video alizoziweka, wala hazungumzii RAM hata kidogo. Hivyo mteja anapofika kwenye meza yangu akasema kompyuta yake haina kumbukumbu ya kutosha, inanibidi nimuulize maswali matatu manne kabla sijajua anachokitaka. RAM, ndugu zangu, ni kumbukumbu isiyokumbuka. Umeme ukikatika, kila kilichokuwamo kimepotea, na yeyote kati yenu aliyewahi kuandika barua ya kurasa mbili bila kuihifadhi, kisha taa zikazimika, ameshaifahamu RAM kwa undani kuliko nitakavyoweza kueleza.

Kwa kuwa niko mbele ya walimu, sitatafuta mfano mbali. Maktaba ya shule ina vitabu vyote, na vitabu hivyo hubaki rafuni hata shule ikifungwa. Hiyo ndiyo diski, mahali pa kuhifadhia. Lakini mwalimu hafundishii maktaba. Huchukua kile anachokihitaji kwa kipindi kile, akakiandika ubaoni, mahali ambapo darasa zima linakiona bila kufunua kitabu. Ubao ndio RAM, na mwanafunzi anayekokotoa kwa kutazama ubaoni ndiye prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kengele ikilia, ubao unafutwa, na hakuna anayehuzunika, kwa sababu kitabu kiko palepale maktaba.

Sasa chukueni ubao mdogo. Mwalimu ameujaza wote na bado ana mfano mmoja wa kuandika. Anamwita kiranja, anamwambia anakili kona ya kushoto kwenye daftari, alipeleke maktaba mbio, kisha anaifuta kona ile na kuandika mfano wake. Baada ya dakika mbili mwanafunzi anauliza juu ya kile kilichofutwa, na kiranja anatimua mbio tena kwenda kukileta, huku kitu kingine kikifutwa ili kukipisha. Somo limesimama, si kwa sababu mwalimu hajui kufundisha, wala si kwa sababu mwanafunzi ni mzito, bali kwa sababu wote wanamsubiri kiranja. Windows hufanya hivyo hivyo: RAM ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye faili lililofichwa ndani ya diski, linaloitwa pagefile.sys, na huliita tena linapohitajika. Ile hali ya kubofya jina la mwanafunzi kwenye jedwali, kisha mshale ukageuka duara linalozunguka, mkanyanyuka mkaenda kunywa chai, mara nyingi ni kiranja yuko njiani.

Umbali wa maktaba hiyo si wa kufikirika. Kusoma kitu kutoka kwenye RAM huchukua takribani nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka, ile yenye sahani na mkono unaosogea, huhitaji karibu milisekunde 10 ili kuifikia sehemu inayotakiwa. Namba hizo hazimwambii mtu chochote, kwa hiyo tuzikuze. Tukisema kutazama ubaoni kunachukua sekunde moja, basi kwenda kwenye diski ya kuzunguka na kurudi kunachukua zaidi ya saa 27, yaani kiranja ameondoka leo asubuhi na atarudi kesho mchana. Diski ya kisasa ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, hutumia kama dakika 17 kwa kipimo hicho hicho. Naomba msiisahau tofauti hiyo kati ya siku nzima na dakika 17, kwa kuwa itatufaa tutakapochagua kati ya RAM na SSD.

Niruhusuni nichepuke kidogo, kwa sababu chombo hiki kina historia inayonivutia. RAM tunayoitumia leo ilibuniwa na Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani, mwaka 1966, na hataza yake, yaani hati ya kuulinda ubunifu huo, ilitolewa mwaka 1968. Wazo lake lilikuwa dogo la kushangaza: kila biti, yaani sifuri au moja, ihifadhiwe kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kichumba chenye transista moja tu, swichi ndogo ya umeme, ya kulinda mlango. Kasoro yake ni kwamba kichumba hicho kinavuja kama ndoo iliyotoboka, na kwa hiyo mashine hulazimika kukijaza upya kabla hakijakauka, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, zaidi ya mara 15 kwa sekunde, muda wote ambao kompyuta imewashwa. Ndiyo sababu RAM husahau umeme unapokatika: hakuna tena wa kujaza ndoo. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilianza kuuza chipu ya RAM ya namna hiyo ya kujazwa upya, iliyoitwa 1103, nayo ilibeba biti 1,024, sawa na herufi 128. Salamu niliyoanza nayo asubuhi hii isingeenea humo. Ingekatika mara tu baada ya neno "Bwana", na nusu ya ukumbi ingeninunia.

Turudi ofisini. Nilisema kompyuta yenyewe inalijua jibu, na sasa nitaonyesha namna ya kuiuliza. Msiiulize asubuhi ikiwa imetoka kuwashwa na haina kazi, kwa maana hakuna mgonjwa anayepimwa homa akiwa mzima. Subirini ile saa yenyewe ya mateso: jedwali la matokeo limefunguliwa, kivinjari kina kurasa zake kumi na mbili, barua iko wazi, na kompyuta imeanza kusuasua. Hapo bonyezeni vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bofyeni maandishi ya chini yanayosema More details, kisha mwende kwenye sehemu ya Performance. Upande wa kushoto mtaona mistari ya CPU (ndiyo prosesa), Memory (ndiyo RAM) na Disk, kila mmoja na asilimia yake, na hizo asilimia tatu ndizo ninazozitegemea kuliko maneno ya fundi yeyote, nikiwamo mimi.

Memory ikiwa imepanda kupita asilimia 85 na kukaa huko, huku Disk nayo ikihangaika karibu na 100, kiranja anakimbia: ubao ni mdogo na RAM itasaidia. Memory ikiwa kwenye 50 au 60 huku Disk imekwama kwenye 100, ubao una nafasi ya kutosha na tatizo liko maktaba kwenyewe. Kompyuta hiyo ina diski ya kuzunguka iliyochoka, na dawa yake ni SSD, si RAM. Na kama CPU ndiyo iliyofika 100, tazameni kwanza ni programu ipi inayoila, kwa kuwa mara nyingi ni masasisho yanayojipakua au programu ya kuzuia virusi inayokagua mafaili, na ikimaliza kazi yake mambo hutulia bila mtu kununua kitu.

Hili la pili limewagharimu watu fedha nyingi, na mimi nimo miongoni mwa waliowagharimu. Katika miaka yangu ya mwanzo alinijia katibu muhtasi mmoja na kompyuta ya RAM ya gigabaiti nne iliyokuwa ikichukua dakika kumi kuwaka. Sikupima. Nilitazama ile namba nne, nikamwambia inataka nane, akalipa kutoka mfukoni mwake, nikafunga. Alirudi baada ya wiki mbili, kwa upole ambao ulinitia aibu kuliko angenifokea, akaniambia, "Mwanangu, bado dakika kumi." Diski ilikuwa inakufa. Nilipoiweka sikioni niliisikia ikigonga, tik, tik, sauti ambayo ningeisikia siku ile ya kwanza laiti ningeinamisha kichwa. Kuwaka kwa kompyuta ni kazi ya kuvisoma vitu kutoka maktaba kwenda ubaoni. Ubao mpana haumfanyi kiranja akimbie haraka zaidi.

Kuna kipimo kingine ambacho huwatia watu hofu bila sababu. Wapo wanaoona RAM yao imetumika asilimia 60 wakati hawajafungua chochote, wakapakua programu zinazoahidi kusafisha RAM. Achaneni nazo. Sehemu kubwa ya hiyo ni Windows yenyewe na programu zinazojiwasha, na ubao unaobaki wazi Windows huutumia kuandika mapema vitu inavyodhani mtavihitaji, na mkihitaji kingine huvifuta papo hapo. Anayeusafisha ubao kila dakika anamrudisha kiranja njiani.

Tuseme mmepima na jibu ni RAM. Kiasi gani? Windows ya sasa pamoja na vikolombwezo vyake hula gigabaiti mbili hadi tatu kabla hamjafungua chochote, na kivinjari chenye kurasa nyingi hula mbili nyingine bila haya. Kwa hiyo mwenye gigabaiti nne yuko kwenye dhiki ya kudumu, na akienda nane ataona tofauti siku hiyo hiyo. Kutoka nane kwenda 16 ni raha kwa anayefungua majedwali makubwa na mikutano ya video kwa wakati mmoja, lakini si mwujiza. Kutoka 16 kwenda 32 kwa kazi za ofisi ya shule ni fedha iliyotupwa, isipokuwa kama mnahariri video za mahafali.

Kabla ya kununua, rudini kwenye ukurasa ule ule wa Memory, chini kulia, mahali palipoandikwa Slots used. Pakisema 1 of 2, kuna sloti moja tupu, yaani mwanya wa kuchomekea RAM, na mnaweza kuongeza kipande bila kutoa cha zamani. Pakisema 2 of 2, itabidi kimoja kitoke. Angalizo ni kwamba baadhi ya kompyuta mpakato nyembamba zina RAM iliyochomewa moja kwa moja kwenye bodi mama. MacBook Air ndivyo ilivyo, na ThinkPad X1 Carbon pia, na hizo ulizonunua nazo ndizo utakazokufa nazo. Anayenunua kompyuta ya mtumba Kariakoo au kwingineko aulize hilo kabla ya kuuliza rangi.

Pia RAM zina vizazi, na vizazi havioani. DDR3 ilikuja mwaka 2007, DDR4 mwaka 2014, na viwango vya DDR5 vilitolewa mwaka 2020. Kila kizazi kina pengo lake kwenye ule ukingo wenye meno ya dhahabu, na mapengo hayo yamewekwa mahali tofauti kwa makusudi ili mtu asikosee. Kipande cha kompyuta mpakato cha DDR3 kina meno 204, cha DDR4 kina 260, na voltiji zake ni tofauti. Kipande kikikataa kuingia, msikisukume. Mara zote nilizoitwa kuokoa sloti iliyovunjika, aliyeivunja aliniambia alidhani inahitaji nguvu kidogo tu. Njia rahisi ni kukitoa kipande kilichomo, kukipiga picha ya lebo, na kwenda nacho dukani.

Kuhusu bei, mtakuta mambo yamebadilika. Watengenezaji wakubwa wa chipu hizi duniani ni watatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na tangu miezi ya mwisho ya mwaka 2025 vituo vinavyoendesha akili unde vimezinyakua kwa wingi kiasi kwamba bei imepanda sana hata kwetu tunaotaka kipande kimoja cha kuandalia matokeo. Kwa sababu hiyo siwakatazi kununua RAM iliyotumika. RAM haina kitu kinachozunguka wala kinachosagika, na iliyofanya kazi miaka mitano mara nyingi itafanya mingine mitano, mradi muuzaji akubali kuijaribu mbele yenu na awape siku chache za kuirudisha. Diski iliyotumika ni habari nyingine. Hiyo sinunui hata kwa ndugu yangu.

Na pana kompyuta ambazo nisingeziongezea RAM kabisa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane au baadaye, pamoja na mambo mengine ya usalama. HP EliteBook 840 G1 yenye prosesa ya kizazi cha nne, ambayo naiona mikononi mwa watu kadhaa humu, ni mashine ngumu na nzuri, lakini RAM haitaisogeza kwenye Windows 11. Kwa hiyo mwenye nayo aamue kwanza kama ataihamishia Linux, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows, na kuendelea nayo, au ataanza kuweka akiba ya nyingine, kisha ndipo azungumze na muuza RAM.

Sasa naomba mliokaa nyuma msogee. Hii hapa mezani ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018, yenye kipande kimoja cha DDR4 cha gigabaiti nane na sloti moja tupu. Ina betri mbili. Moja hutoka kwa nje, hivi, na ya ndani nimeshaizima kupitia mipangilio ya BIOS, ile programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, kwa hiyo mashine haina umeme kabisa. Skrubu za mfuniko nazilegeza kwa bisibisi ya nyota, na mfuniko naubandua kwa kadi ya plastiki nikianzia kwenye bawaba, taratibu, bila kutumia kisu. Kabla sijagusa chochote ndani, nagusa chuma hiki cha dirisha. Mwili wa binadamu huweza kubeba umeme tuli wa maelfu ya volti bila mwenyewe kuhisi, na sehemu ndogo tu ya huo inatosha kuiua chipu. Hapa pwani unyevunyevu unatusaidia, lakini sibahatishi kwa mali ya mtu.

Kipande nakishika kingo, sigusi meno. Kikiwa cha zamani na meno yake yamefifia, nayasugua kwa ufutio mweupe wa penseli, kisha napuliza vumbi la ufutio. Nalinganisha pengo na ulimi wa sloti, nakiingiza kwa mshazari kama mtu anayetia barua kwenye bahasha, hadi mstari wa dhahabu uwe karibu kumezwa wote, halafu nakilaza chini kwa vidole viwili. Mmesikia huo mlio? Ni zile ndoano mbili za pembeni zimekamata. Mlio usiposikika, hakijakaa, na mashine itawaka ikiwa na kioo cheusi au itapiga honi za kulalamika.

Narudisha mfuniko, narudisha betri, na nachomeka chaja, kwa sababu betri ya ndani iliyozimwa haiamki mpaka umeme uingie. Nabonyeza. Kama mnavyoona, kioo ni cheusi. Hapa ndipo watu huogopa wakazima, nami nawasihi msizime: mashine imekuta RAM ngeni na inaijaribu, jambo linaloweza kuchukua sekunde kadhaa au hata dakika nzima mara ya kwanza tu.

Hiyo nembo imetokea. Ctrl, Shift, Esc, Performance, Memory. Mama uliye mbele, naomba uwasomee wenzako namba iliyo juu kulia. Kumi na sita, na chini pale, 2 of 2. Sehemu ndogo ya hizo itasomeka kama imetengwa, kwa kuwa chipu inayochora picha za kioo nayo inajimegea fungu lake, msimdai muuzaji.

Muda uliobaki ni wa kompyuta mlizokuja nazo. Nitapima kwanza na kufungua baadaye, na ile isiyohitaji kitu itarudi ilivyokuja. Tuanze na ile ya ofisi ya taaluma iliyofungwa mfuniko kwa gundi. Mwenye nayo aiwashe, afungue jedwali lake la matokeo na kila kitu anachokifungua siku ya kazi, kisha anijulishe itakapoanza kusuasua.